RANDA YA MIGUU MIWILI KATIKA ATELIE YETU



Tangu masomo yaanze mwaka huu, hakuna siku inayopita bila mutu kusimama kwenye dirisha la atelie na kuuliza: «Kile chuma ni cha nini?» Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza walisema ni kichwa cha cherehani. Mwalimu mmoja, hatumtaji, alidhani ni kipande cha baisikeli. Ndiyo maana sisi wa mwaka wa sita, upande wa useremala, tumeomba nafasi katika gazeti letu kusudi tueleze chombo hicho kilivyo na namna kinavyotumika. Tutaeleza pia makosa yetu wenyewe, juu makosa hayo yamekula ubao mzima wa mvule wa mita mbili na nusu, na ubao huo ulinunuliwa kwa mchango wa wazazi.

Chombo chenyewe ni randa. Hapa kwetu wengi wanasema rabo, na neno hilo ni la Kifaransa. Wenzetu waliokulia Tanzania wanasema randa, na Wahindi nao ng'ambo ya bahari wanasema vilevile randa. Sisi tunatumia yote mawili na hatugombani. Lakini hii haiko sawa na randa munayoijua, ile ya kulainisha meza. Randa ya kawaida iko na tumbo pana na kisu kimoja. Hii haina tumbo. Iko na reli mbili nyembamba za chuma, mufano wa reli za gari-moshi la Kalemie, na kisu kinakaa katikati ya reli hizo. Kisu unakibadilisha kufuatana na kazi: kuchimba mfereji, kutoa ulimi, kukata ukingo wa ubao kwa ngazi, au kuchora ushanga, yaani ule mstari wa mviringo tunaouona kwenye milango ya zamani.

Zamani seremala wa Ulaya na Marekani alikuwa na randa nyingi za mti, kila moja na umbo lake. Mwenye kutaka mfereji mpana alichukua hii, mwenye kutaka mwembamba alichukua ile, na sanduku lake lilikuwa zito kama gunia la muhogo. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Stanley, iliyokuwa katika mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani, ilianza kuuza randa moja ya chuma ya kufanya kazi za zile nyingi. Mvumbuzi aliitwa Justus Traut. Waliipa namba 45, na namba hiyo iko kwenye randa yetu. Waliendelea kuiunda mpaka mwaka 1962. Kabla ya mwaka huo ilikuwa imetoka pia dada yake kubwa, namba 55, yenye visu zaidi ya 50, na Waingereza wa Sheffield wakaunda ya kwao, Record 405. Siku hizi mafundi wenye umeme wanatumia mashine ya kuchimba mifereji, ile wanayoiita defonseze. Atelie yetu iko na gurupu ya umeme, lakini ninyi wenyewe munajua bei ya mafuta, na tena munajua siku ngapi gurupu hiyo imelala.

Randa hii ilifika kwetu kwa njia ya mzee mmoja fundi wa hapa Baraka. Mwaka 1996, vita ilipofika, watu wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na yeye pia. Alikuwa na watoto wa kubeba, kwa hiyo hakuweza kuchukua vyombo vyote. Alifunga mwili wa randa na kisanduku cha visu ndani ya blanketi. Ile sehemu inayoitwa kiongozi ilibaki nyumbani na hakuiona tena. Aliporudi mwaka 2007 alikuja na kiongozi kipya alichokichonga mwenyewe kambini kwa mti wa mninga. Sasa macho yake yamechoka. Alituletea randa mwezi wa kumi, akaiweka mezani, akatuambia: «Batoto, mie naachia ninyi hii rabo. Lakini kila siku ya posho muhesabu vipande vyote, kimoja kimoja.» Siku ya posho, ndiyo Jumamosi.

Sasa tufungue kisanduku. Mutu akiona vipande hivi mara ya kwanza anaogopa, na sisi tuliogopa. Lakini kwa kazi moja vipande vinavyotumika si vingi. Kuna mwili wenye mshikio wa mti, na chini yake reli ya kwanza ambayo haiondoki. Katika mwili huo zinapita fimbo mbili za chuma. Reli ya pili inateleza juu ya fimbo hizo, ikija karibu au ikienda mbali kufuatana na upana wa kisu. Kiongozi nacho kinateleza juu ya fimbo hizo hizo. Kazi yake ni kugusa upande wa ubao na kulinda randa isitembee ovyo. Kuna kizuizi, kichuma kidogo kinachoamua mfereji ufike kina gani. Kuna viwembe viwili, tutavieleza mbele. Vingine vyote acha vilale ndani ya kisanduku. Sisi siku ya kwanza tulivifunga vyote kwa pamoja, kila skrubu pahali pake, tukadhani ndiyo kuwa tayari. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yetu ya mwaka huu, ile tutakayoonyesha mbele ya juri ya kazi ya mikono kwa ajili ya mtihani wa Serikali, ni kabati la vitabu lenye milango miwili. Kila mlango iko na fremu, na katikati ya fremu kuna ubao mwembamba. Watu wengi wanapigilia ubao huo misumari. Hapo ndipo makabati mengi yanapopasuka. Ubao unavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na unafanya hivyo kwa upana wake. Kwa urefu haubadiliki sana. Ukiushika kwa misumari pande zote mbili, hauna pahali pa kwenda, basi unajipasua. Lakini ukiwekwa ndani ya mfereji bila gundi, na nafasi ya milimita mbili au tatu kila upande, unatembea mwenyewe ndani ya mfereji na hakuna anayeona. Kwa hiyo fremu zote zinataka mfereji kwenye ukingo wa ndani, wa upana mmoja na kina kimoja, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kwa patasi na nyundo kazi hiyo inachukua siku nyingi. Kwa randa hii, kipande kimoja ni dakika chache, ukiipanga vizuri.

Kuipanga ndiyo kazi kubwa. Kwanza chagua kisu. Visu vyetu vimepimwa kwa inchi, si kwa milimita, na hapo tulianguka. Tulichukua kisu cha 3/8 ya inchi, tukasema ni kama sentimita moja. Tukaenda kupiga mbao zote nyembamba unene wa milimita 10. Kumbe 3/8 ya inchi ni milimita 9 na nusu. Mbao ziligoma kuingia. Nusu milimita ni kitu kidogo sana kwenye daftari, lakini kwenye mfereji ni ukuta. Tulilazimika kupunguza kingo zote tena kwa mkono. Kwa hiyo sasa tunafuata njia ya mzee: chimba kwanza mfereji katika kipande cha mti wa kutupa, kiisha upige ubao mpaka uingie katika mfereji ule. Rula uisahau.

Kisu kikiwa ndani, kinashikwa na skrubu ya masikio, na nyuma yake kuna gurudumu dogo la kukishusha na kukipandisha. Kitoke kidogo tu chini ya reli. Maranda yanayotoka yawe kama karatasi ya daftari. Yakiwa kama ganda la muwa, kisu kimezidi. Kiisha sogeza reli ya pili. Hapa angalieni sana. Ukingo wa kisu unapaswa kutoka nje ya reli kwa unene wa unywele, upande wa kushoto na upande wa kuume. Kama reli inatoka kuliko kisu, reli itasugua kuta za mfereji na randa itakwama. Kama kisu kinatoka kupita kiasi, kuta zitakuwa na manyoya. Kwa visu vyembamba sana reli ya pili inaondolewa kabisa, kwa sababu hakuna nafasi yake.

Baada ya reli, funga kiongozi. Pima umbali wake kutoka reli ya kwanza, mbele na nyuma. Vipimo viwili visipolingana, kiongozi kimepinda, na mfereji utakuwa unavutana na kiongozi mpaka mwisho. Kiongozi chetu ni cha mti mtupu, na watu wanauliza kama kinafaa kama cha chuma. Kinafaa. Hata kile cha kiwandani kiliwekewa uso wa mti pahali panapogusa ubao. Mzee alitoboa matundu mawili ya fimbo na kutia kabari mbili. Unagonga kabari kwa nyundo ndogo na kiongozi hakisogei.

Ila ukisahau kugonga, kinasogea. Ndivyo tulivyopoteza ule ubao tuliousema mwanzo. Ilikuwa Alhamisi saa kumi, njaa inauma, na tulikuwa tunataka kumaliza kipande kirefu kabla ya kengele. Mmoja wetu alifunga kiongozi kwa mkono tu. Tena alianza kusukuma kutoka upande wake mwenyewe, kwa mwendo mrefu, kama mutu anayepiga randa ya kawaida. Katikati ya ubao kiongozi kiliteleza. Mfereji ulienda ukipinda kuelekea ukingo, ukatokea nje, na ubao ukapasuka kwa urefu wa mkono. Hakuna gundi inayorudisha kitu kama hicho. Tulikitazama kile kipande bila kusema. Mmoja aliyeshika randa siku hiyo anaandika maneno haya pamoja na wengine, kwa hiyo msimtafute.

Njia ya kweli ni kuanza mbali. Funga ubao vizuri ndani ya jiliwa. Weka randa karibu na mwisho wa ubao, ule ulio mbali nawe, na usukume sentimita kumi tu. Rudi nyuma kidogo, sukuma tena mpaka mwisho. Rudi nyuma zaidi, sukuma tena. Hivyo kila mwendo unaanza nyuma ya ule uliotangulia na kuingia katika mfereji uliokwisha kuchimbwa, na mfereji huo unashika reli. Randa ikitaka kupotea, inapotea sentimita kumi, si mita mbili. Ukifika mwanzo wa ubao ndipo unaweza kwenda mwendo mzima kutoka huku mpaka kule, na hapo sauti yake inapendeza, bwana.

Mikono nayo iko na kazi mbalimbali. Mutu wa Baraka anajua pirogi: mmoja anapiga kasia, mwingine anashika uelekeo. Ndivyo ilivyo. Mkono wa kuume unasukuma mbele. Mkono wa kushoto unakandamiza kiongozi kwenye uso wa ubao, na hausukumi hata kidogo. Ukisukuma kwa mikono yote miwili, randa inalala upande na mfereji unalala nayo. Tena, kabla ya kuanza, tia alama ya kalamu ya risasi kwenye uso mzuri wa kila kipande, na kiongozi kiguse uso huo tu, kwa vipande vyote vya fremu. Hapo hata kama kipande kimoja ni kinene kuliko kingine, mifereji itakutana pembeni. Kizuizi kikigusa mti, randa inaacha kutoa maranda yenyewe, na kazi imekwisha. Sisi tuliweka kina cha milimita 12.

Kipande cha mshumaa ukipake kwenye reli. Huwezi kuamini inavyoteleza.

Hiyo yote ni kwa kufuata nyuzi za mti. Kukata mfereji kwa kuvuka nyuzi, mufano pahali rafu za kabati zinapoingia, ni jambo lingine. Kisu peke yake kikivuka nyuzi kinazing'oa na kuacha kuta zenye meno. Hapo ndipo viwembe viwili vinafanya kazi: unavishusha, kimoja kila upande, na vinakata nyuzi mbele ya kisu. Kiongozi unakitoa, kwa sababu rafu ziko mbali na ukingo. Badala yake unapigilia kipande cha ubao ulionyooka na randa inatembea kando yake. Kabla ya kusukuma, vuta randa kwenda nyuma mara mbili au tatu, kusudi viwembe vichore mistari yao kwanza. Kiwembe chetu kimoja kilipotea kule Tanzania, na mzee alitengeneza kingine kwa kipande cha msumeno wa zamani. Kinakata vizuri kuliko kile cha kiwandani. Ukimaliza, uvipandishe tena; ukivisahau chini ukarudi kufuata nyuzi, vitachora mistari usiyoitaka.

Pengine mutauliza kama inafanya kweli kila kazi inayosifiwa. Hapana. Mifereji inachimba vizuri sana. Ulimi pia, kwa kile kisu chenye umbo la mlango, na mafundi wa zamani waliunganisha mbao za dari kwa njia hiyo. Ushanga ni mzuri, na hauko urembo tu: mbao mbili zikisinyaa wakati wa kiangazi, ule mviringo unaficha ufa uliobaki katikati yake. Lakini maumbo mapana ya mapambo ni shida. Randa ya mti ya zamani ilikuwa na tumbo lenye umbo lile lile la kisu, likakandamiza nyuzi kabla hazijakatwa. Hii iko na reli mbili tu. Katikati ya reli hakuna kitu kinachokandamiza mti, wala hakuna kile chuma cha pili kinachokaa juu ya kisu katika randa ya kawaida. Kwa hiyo nyuzi zikielekea kinyume, zinanyanyuka na kung'oka. Dawa ni kuchagua ubao wenye nyuzi zilizonyooka, kunoa sana na kutoa maranda membamba. Ubao ukikataa, ugeuze upande wa pili. Ukikataa tena, tafuta mwingine.

Na mvule ni mkaidi kwa sababu mbili. Nyuzi zake zinapishana, safu moja huku na nyingine kule. Tena ndani yake kuna mawe. Si mchezo: mti wa mvule unakusanya chokaa ndani ya mbao yake, ngumu na nyeupe, na kwa nje huioni. Kisu kikiligonga jiwe hilo kinatoka pengo. Mzee anasikiliza, sauti ya maranda ikibadilika anasimama, anatia ncha ya patasi, anatoa jiwe, anaendelea. Sisi bado tunasikia tu pale kisu kinapokwisha kuvunjika.

Kunoa ni kwa kinoo na matone ya petroli ya taa. Mawese hayafai, yanaganda na kuziba kinoo. Mgongo wa kisu ulale bapa juu ya kinoo, usiinuliwe hata kidogo. Upande wa mbele uwe na mteremko wa digrii kati ya 30 na 35, na ncha ibaki imenyooka. Ikienda mshazari, mfereji utakuwa na kina huku na kukosa kule. Visu vya ushanga vinanolewa mgongo tu kwenye kinoo, na tumbo lake kwa kijiti cha mviringo kilichofungwa karatasi ya msasa. Baada ya kazi, futa kila kitu kwa kitambaa chenye mafuta. Hewa ya ziwa inakula chuma usiku mmoja.

Mlango wa kwanza umekwisha kuunganishwa na uko ukutani, nyuma ya meza ya mwalimu. Wa pili unangoja ubao mwingine badala ya ule tulioharibu. Tumeuomba kwa Bwana Prefe, na tumekubali kulipa nusu yake kwa kazi ya kukarabati viti vya darasa la tatu siku za posho.

Mwenye kutaka kujaribu randa aje Jumamosi baada ya kufagia, saa nne, akiwa na kipande chake cha mti laini, si mvule. Atafunga kiongozi mwenyewe na mmoja wetu ataangalia kabari.

Jambo la mwisho ni hili. Mzee alituletea visu 14. Jumamosi iliyopita tulihesabu 13. Kinachokosekana ni kile chembamba cha 1/4 ya inchi, kirefu kama kidole cha kati, na kiko na alama ndogo ya pengo nyuma. Labda mutu alidhani ni chuma cha kuchongea kalamu. Mzee atakuja tena kuhesabu pamoja nasi mwisho wa mwezi. Aliye nacho akiweke ndani ya kopo la misumari karibu na mlango wa atelie. Mlango haufungwi saa ya mapumziko, na hakuna atakayekaa dirishani.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa mwaka wa sita, useremala